SOMA CHUPA KABLA HUJALIPA: ZABIBU HIZI ZIMETOKA WAPI?



Mwenzetu mmoja wa kiwandani, fundi wa mashine mwenye miaka mingi kazini, alipewa na ukoo wake kazi ya kwenda kuposa kwa niaba ya mtoto wa kaka yake. Sisi wa zamu moja naye tulimchangia. Makreti ya bia yalikwisha kupatikana, lakini baba wa binti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, na fundi wetu akaona inafaa kumwekea mezani na chupa mbili za divai. Siku ya mshahara akaingia duka moja hapa mjini Bujumbura, akachagua chupa yenye picha ya ngome na shada la zabibu nyeusi, akalipa fedha ambazo kwa watu wa kipato chetu si ndogo hata kidogo.

Siku ya posa yule mzee alizipokea chupa kwa mikono miwili. Akavaa miwani, akasoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Kisha akasema kwa upole: "Ndugu yangu, nashukuru. Lakini hii siyo divai." Nyuma ya chupa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, iliandikwa kwa Kifaransa: "boisson aromatisée à base de vin". Maana yake ni kinywaji kilichotiwa ladha na harufu, ambacho divai ni sehemu yake tu. "Aliyekuuzia hakusema uongo," mzee akaongeza. "Ameandika. Wewe ndiye hukusoma."

Posa ilikubaliwa, tunashukuru. Lakini kesho yake kazini fundi wetu alipotusimulia, tulicheka kicheko chenye uchungu. Sisi tunaofunga mizigo, tunaobandika alama kwenye maboksi, tunaochuma majani na kupima magunia, hatukujua kusoma karatasi ya chupa moja. Ndiyo maana safari hii tumeamua kuandika juu ya kibandiko cha divai, kile wenye maduka wanachokiita etiketi.

Wapo ndugu zetu wengi, Buyenzi na kwingineko, ambao dini yao haiwaruhusu kugusa kileo. Makala hii haimshawishi mtu kunywa. Tunawaomba nao waisome mpaka mwisho, maana habari ya zabibu ni habari ya kazi, ya ujira, na ya nani anayeandikwa jina na nani anayefutwa.

DIVAI NI NINI?

Kila mmoja wetu anajua urwarwa unavyopatikana. Ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa kwa nyasi, maji yake hutiwa unga wa mtama, yakaachwa yachache. Divai ni ndugu wa urwarwa kwa njia ya kutengenezwa. Zabibu husagwa, maji yake huachwa, na chachu hula sukari iliyomo na kuigeuza kileo. Ukiacha maganda ya zabibu nyeusi ndani ya maji hayo, rangi yake huingia na divai huwa nyekundu. Ukiyaondoa maganda mapema, au ukitumia zabibu zisizo na rangi nyeusi, divai huwa nyeupe.

Lakini kwa sheria za Ulaya, neno "vin" peke yake haliwezi kuandikwa juu ya kinywaji cha ndizi, cha nanasi wala cha maji yenye sukari na rangi. Likisimama peke yake lina maana moja: zabibu mbichi zilizochachuka. Je, nani aliyeupa mpaka huo nguvu? Wengi watadhani ni mabwana wenye viwanda na majumba ya chini ya ardhi yaliyojaa mapipa. Sivyo. Mpaka huo ulitiwa nguvu kwa miguu ya wakulima waliotembea barabarani.

Katika karne ya 19 mdudu mdogo aliyetoka Marekani aliingia Ufaransa na kuiua mizabibu kwa kula mizizi yake. Divai ikaadimika. Wafanyabiashara wakazoea kuongeza maji na sukari, hata kutengeneza divai ya zabibu kavu. Wakulima walipopata dawa, yaani kupandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya Marekani yasiyodhurika na mdudu huyo, mazao yakarudi. Ila ulaghai nao ukabaki. Divai ya kweli ikawa inauzwa sokoni pamoja na divai ya sukari, na bei ikaanguka hata mkulima wa kusini mwa Ufaransa hakuweza kulipa deni lake wala kibarua hakupata kazi.

Tarehe 11 Machi 1907, watu 87 wa kijiji cha Argeliers, wakiongozwa na Marcelin Albert, mkulima mdogo mwenye mkahawa, waliondoka kijijini kwenda kutoa malalamiko yao. Watu 87 tu. Jumapili baada ya Jumapili wakaongezeka, mpaka tarehe 9 Juni mjini Montpellier walikusanyika zaidi ya laki tano. Serikali ikaleta askari. Mjini Narbonne risasi zikafyatuliwa na watu wakafa. Askari wa kikosi cha 17, ambao wengi walikuwa watoto wa wakulima wa sehemu ile ile, wakaasi na kukataa kuwa maadui wa wazazi wao.

Tarehe 29 Juni mwaka huo huo ikapitishwa sheria dhidi ya kutia maji na sukari kwa ulaghai, na tarehe 3 Septemba amri ya serikali ikaeleza kwamba kinachoruhusiwa kuitwa divai ni kile kitokanacho na zabibu mbichi au maji ya zabibu mbichi. Kwa hiyo neno lile fupi la herufi tatu, "vin", lina damu ndani yake. Mwalimu mstaafu alipolitafuta peke yake juu ya chupa na kulikosa, alikuwa akitumia haki iliyotiwa nguvu mwaka 1907.

JINA LA MAHALI

Baada ya kujua ni divai, swali la pili ni hili: zabibu zimekua wapi?

Katika jimbo la Champagne, kaskazini mwa Ufaransa, wakulima wadogo waliuza zabibu zao kwa matajiri wenye majumba ya divai. Matajiri hao wakagundua kwamba wanaweza kuleta zabibu na divai za bei rahisi kwa treni kutoka mikoa mingine, wakazitia katika chupa zao na kuandika jina lile lile la Champagne. Jina lilikuwa la mkulima, faida ikawa ya tajiri. Januari 1911 wakulima walivamia ghala katika vijiji vya Damery na Dizy na kumwaga divai. Aprili mwaka huo mji mdogo wa Aÿ uliwaka moto. Jeshi likaletwa. Wakulima wa sehemu ya Aube, waliotengwa nje ya mpaka wa jina hilo, nao waliandamana kudai wahesabiwe ndani. Ilichukua mpaka sheria ya mwaka 1927 kuumaliza ugomvi wa mipaka.

Mwaka 1935 Ufaransa iliweka mpango wa taifa zima, ambao mpaka leo unaonekana kwenye chupa kwa maneno "Appellation d'origine contrôlée". Maana yake ni jina la asili linalokaguliwa: zabibu zote zimetoka ndani ya mpaka uliotajwa, ni za aina zilizoruhusiwa, na zimelimwa na kutengenezwa kwa masharti yaliyoandikwa.

Sasa tuyasome pamoja maneno ambayo ndugu msomaji atayakuta katika maduka ya Bujumbura, kwa kuwa chupa nyingi zinazofika hapa zimeandikwa Kifaransa.

"Appellation d'origine contrôlée" au "protégée": mahali pametajwa na panakaguliwa. Kadiri mahali palipotajwa palivyo padogo, ndivyo ahadi ilivyo nzito. Jina la kijiji linabana kuliko jina la jimbo zima.

"Indication géographique protégée": mahali pametajwa, ila eneo huwa pana zaidi na masharti ni mepesi zaidi. Zamani chupa hizi ziliandikwa "vin de pays".

"Vin de France": zabibu ni za Ufaransa, lakini zinaweza kuchanganywa kutoka pembe yoyote ya nchi. Tangu mwaka 2009 maneno haya yalichukua nafasi ya "vin de table". Si lazima iwe mbaya. Haikuahidi mahali tu.

"Mélange de vins de différents pays de l'Union européenne": divai za nchi mbalimbali za Ulaya zimemiminwa pamoja. Picha ya ngome ya Ufaransa juu ya chupa ya namna hii isikubabaishe.

"Mis en bouteille au château" au "à la propriété": imetiwa chupani pale pale penye shamba. Ikiwa imeandikwa "mis en bouteille par" na jina la kampuni, huyo ametia chupani, na huenda hana hata mzabibu mmoja.

Mwaka ulioandikwa, unaoitwa "millésime", ni mwaka wa mavuno, wala si mwaka wa kutiwa chupani. Kwa sheria za Ulaya, mwaka ukiandikwa, au aina ya zabibu kama Merlot au Chardonnay, basi angalau asilimia 85 ya divai hiyo lazima iwe ya mwaka huo au ya aina hiyo. "% vol" ni kiasi cha kileo. "Contient des sulfites" ni onyo kwamba imo dawa ya salfa inayozuia divai isiharibike. Dawa hiyo hutumika karibu kila mahali, lakini watu wenye pumu wanapaswa kujihadhari nayo.

Na yale maneno makubwa yenye maji ya dhahabu, "Grand vin", "Cuvée spéciale"? Mara nyingi hayapimwi na sheria yoyote. Ni sifa ambazo muuzaji amejipa mwenyewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona chupa inajisifu sana mbele, igeuze.

KARIBU NA SISI: DODOMA

Mtu asifikiri kwamba mizabibu ni mali ya Wazungu tu. Lori linalopakia mizigo bandarini Dar es Salaam kuja Bujumbura hupita Dodoma, na huko mizabibu iko.

Wamisionari wa Kiitalia waliipanda katika misheni ya Bihawana miaka ya 1950 kwa ajili ya divai ya kanisani. Wenyeji, Wagogo, wakaona kwamba mti huu unastahimili nchi yao kame, ambako mvua ya mwaka mara nyingi haifiki milimita 600. Baadaye kituo cha utafiti kikawekwa Makutupora, na jina la mahali hapo likapewa aina mojawapo ya zabibu nyekundu zinazolimwa huko mpaka leo. Zipo pia aina za ugenini kama Chenin Blanc na Syrah.

Dodoma ina jambo ambalo Ulaya haina. Ulaya baridi huulaza mzabibu usingizi, kwa hiyo mavuno ni mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima mwenyewe huuamsha kwa kisu: akipogoa, mti huchipua, na miezi michache baadaye huzaa. Hivyo huvuna mara mbili, takribani mwezi Machi na tena Agosti au Septemba. Ni kazi mara mbili pia: kupogoa mara mbili, kupalilia, kupiga dawa, kuchuma kwa mkono shada kwa shada juani.

Lakini zabibu haingoji. Ikiiva na mnunuzi hayupo, huoza mikononi mwa aliyeilima, na wakulima wa Dodoma wamelia kilio hicho mara nyingi. Wakati huo huo kiwanda kinaweza kuagiza kutoka ng'ambo maji ya zabibu yaliyokaushwa mpaka yakawa mazito kama asali, kikaongeza maji, kikachachusha, kikatia chupani. Mbele ya chupa kitaandika "imetengenezwa nchini", na hakitakuwa kimesema uongo. Kiwanda ni cha nchini, wafanyakazi ni wa nchini. Zabibu ndizo za wengine.

Kwa sababu hiyo serikali ya Tanzania, katika bajeti za miaka ya 2010, ilizigawa divai kwa ushuru. Divai ambayo zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini ilitozwa ushuru mdogo. Ile yenye zaidi ya asilimia 25 ya zabibu za nje ilitozwa zaidi ya mara kumi ya huo. Ndugu msomaji, hapo unaona nguvu ya swali letu. "Zabibu zimetoka wapi?" ni swali linaloweza kuamua kama mkulima wa Dodoma atapeleka mtoto shule au atatupa mavuno yake.

Basi ukishika chupa ya Afrika Mashariki, tenga mambo mawili: ilipotengenezwa, na zabibu zilikokua. Usikubali neno moja lijibu maswali mawili.

VIBANDIKO VYA KUAZIMA

Sasa tuvuke bahari, kwa kuwa kisa hiki kinatuhusu sisi wa vyama vya wafanyakazi kuliko vyote.

Tarehe 8 Septemba 1965, katika mji wa Delano huko Kalifonia, Marekani, wachumaji zabibu wenye asili ya Filipino, wakiongozwa na Larry Itliong, waligoma. Walidai dola 1 na senti 40 kwa saa. Siku chache baadaye wachumaji wenye asili ya Meksiko, wakiongozwa na Cesar Chavez, wakajiunga nao. Wenye mashamba walikuwa wamezoea kuwagonganisha watu wa makabila haya mawili: hawa wakigoma, wale huletwa kuvunja mgomo. Safari hii hawakugongana.

Mwaka 1966 kampuni ya Schenley, iliyokuwa na mashamba ya zabibu za divai, ilikubali kuutambua umoja wao. Lakini wenye mashamba ya zabibu za kula walikaza shingo. Wafanyakazi wakawaomba wananchi wa mijini wasizinunue zabibu za kampuni kubwa kuliko zote, Giumarra. Kampuni ilifanya nini? Iliazima vibandiko! Wenye mashamba wengine waliipa majina yao, na zabibu zile zile zikaingia sokoni katika maboksi yenye majina tofauti kwa makumi. Mama wa nyumbani aliyetaka kuwaunga mkono wafanyakazi hakuweza tena kujua anunue lipi na aache lipi.

Wafanyakazi walijibu kwa akili. Wakasema: ikiwa majina yamekuwa kitu kimoja, basi nasi tutazisusia zote. Mwaka 1968 wakatangaza kususia zabibu zote za kula za Kalifonia. Wanachama wao walisambaa katika miji ya Marekani na Kanada, wakasimama milangoni mwa maduka na kueleza. Ng'ambo nako, makuli wa bandari za Uingereza walikataa kuzipakua. Zabibu zikarundikana. Tarehe 29 Julai 1970, Giumarra na wenye mashamba wengine wa Delano walitia saini mikataba na chama cha wafanyakazi. Ilikuwa imechukua miaka mitano.

Na juu ya maboksi ya zabibu zilizochumwa chini ya mikataba hiyo pakabandikwa alama mpya: tai mweusi, alama ya chama chao. Hicho kilikuwa kibandiko kisichosema habari za udongo wala za mwenye shamba. Kilisema habari za mchumaji.

KIBANDIKO KISICHOSEMA

Turudi Afrika. Chupa nyingi zinazouzwa sehemu zetu hutoka Afrika Kusini. Divai ya kwanza ya huko ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, na kwa muda mrefu mashamba ya Rasi yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, Bara Hindi na visiwa vya Indonesia. Tangu mwaka 1973 nchi hiyo ina mpango wake wa kuthibitisha asili ya divai. Kibandiko kikitaja Stellenbosch, basi zabibu zote lazima ziwe za Stellenbosch. Kwa habari ya mahali, chupa hiyo inasema kweli tupu.

Lakini ni kweli ipi haikuandikwa? Kwa vizazi vingi vibarua wa mashamba hayo walilipwa sehemu ya ujira wao kwa divai yenyewe. Walipewa kopo asubuhi, kopo mchana, kopo jioni. Desturi hiyo iliitwa "dop". Mtu aliyelewa hahesabu mshahara wake vizuri, na aliyezoea kileo haondoki shambani. Sheria ilikuja kuikataza, lakini desturi iliendelea katika baadhi ya mashamba hata miaka ya 1990. Rasi ya Magharibi mpaka leo ina idadi kubwa mno ya watoto waliozaliwa na ulemavu uliotokana na kileo walichokunywa mama zao wakiwa wajawazito. Hakuna chupa iliyowahi kuandika hayo.

Novemba 2012 vibarua wa mashamba ya zabibu katika bonde la De Doorns waligoma. Walikuwa wakipata kima cha chini cha randi 69 kwa siku, wakadai 150. Mgomo ulienea katika miji mingine ya mashamba ya Rasi, barabara zikafungwa, na kuna waliopoteza maisha. Tangu tarehe 1 Machi 2013 kima cha chini kikapandishwa mpaka randi 105 kwa siku. Hawakupata yote, lakini walipata zaidi ya nusu mara ya walichokuwa nacho. Huko huko lipo shirika liitwalo WIETA, lililoanzishwa mwaka 2002, ambamo waajiri na vyama vya wafanyakazi hukaa meza moja. Shamba likikaguliwa na kuonekana linafuata haki za kazi, chupa zake huruhusiwa kuwa na alama yake. Alama si dawa ya kila ugonjwa, kwa kuwa mkaguzi hupita na kuondoka, lakini kibarua hubaki shambani. Hata hivyo ni afadhali chupa iliyolazimika kujibu swali la mfanyakazi kuliko ile ambayo haijawahi kuulizwa.

NA CHAI YETU JE?

Ndugu wa Teza, Rwegura, Tora, Ijenda na Buhoro, hapa ndipo tunapotaka mtusikilize.

Jani mnalochuma alfajiri milimani, kwenye umande na baridi, hukaushwa kiwandani, hufungwa, na sehemu kubwa husafirishwa kwenda mnadani Mombasa. Huko hukutana na chai ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda, ya Tanzania. Wanunuzi huichanganya ili kupata rangi na ladha wanayoitaka, na huiuza Ulaya, Asia na Uarabuni ndani ya maboksi yenye majina yao. Mnywaji wa London au Karachi hunywa jasho la Muramvya na Kayanza bila kulisikia hata jina la Burundi. Sisi tuko mahali walipokuwa wakulima wa Champagne kabla ya 1911: tuna zao, hatuna jina.

Kahawa imeanza kuonyesha kwamba hali hiyo si amri ya Mungu. Tangu mashindano ya kahawa bora yalipoanza hapa nchini mwaka 2012, wapo wachoma kahawa wa ng'ambo wanaoandika juu ya mfuko jina la Burundi, la mkoa, la kituo cha kuoshea kahawa, hata la kilima. Kahawa yenye jina hutafutwa, na inayotafutwa hupata bei. Lakini msisahau somo la De Doorns. Jina la kilima likipanda bei ng'ambo, swali la chama linabaki pale pale: je, hiyo nyongeza imefika kwa mlimaji, kwa mama anayechagua punje mezani, kwa mbeba gunia? Jina la mahali bila ujira wa haki ni nguo nzuri juu ya tumbo lenye njaa.

MASWALI MATANO

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, kateni sehemu hii mkaibandike ukutani. Kila mkishika bidhaa, iwe divai, chai, kahawa, kitambaa au sabuni, ulizeni:

1. Hiki ni nini hasa? Tafuta jina la sheria nyuma ya chupa, usitosheke na picha ya mbele.

2. Mali ghafi imekua wapi? Usichanganye na mahali pa kiwanda.

3. Nani aliyetia chupani au aliyefunga, na jina lake ni lake kweli au la kuazima?

4. Ni maneno gani yanayokaguliwa na sheria, na yapi ni majigambo ya muuzaji?

5. Aliyechuma yuko wapi katika karatasi hii?

Maswali manne ya kwanza yatakulinda wewe mnunuzi. La tano litakukumbusha kwamba wewe nawe ni mchumaji wa mtu mwingine asiyekujua. Na kama tulivyoona, hakuna jibu hata moja kati ya haya lililotolewa kwa hisani. Watu 87 walitoka kijijini kwa miguu ndipo neno "vin" likapata nguvu. Wafilipino na Wameksiko walikataa kugonganishwa ndipo tai mweusi akakaa juu ya boksi.

Fundi wetu naye hakukaa bure. Siku ya kupeleka mahari alikwenda dukani pamoja na vijana wawili wa zamu yetu wanaojua Kifaransa. Walizigeuza chupa moja baada ya nyingine mpaka mwenye duka akanuna. Waliyoichukua haikuwa na ngome wala dhahabu. Mbele ilikuwa na jina la kijiji, mwaka, na maneno "mis en bouteille à la propriété", na bei yake ilizidi kidogo tu ile ya kwanza. Mzee alipoisoma alivua miwani, akatabasamu, akaomba aletewe bilauri. Chupa tupu sasa iko karakana, juu ya kabati la vifaa. Kila kijana mpya anayeingia zamu yetu hupewa aisome, mbele na nyuma, kisha huulizwa lile swali la tano.

Umoja wa wafanyakazi udumu.